Zimamoto wa Kujitolea

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya wafanyakazi wa gengi la njia katika mkutano wa tawi)



Sisi wa gengi tumeomba nafasi tuseme habari ya zimamoto, na tunajua wengine wenu mmekwisha kucheka. Zamani katika reli yetu fayamani alikuwa mtu wa kuwasha moto, si wa kuuzima. Alisimama karibu na dreva akilisha tanuri kuni, na baadaye mafuta, ili mvuke usipungue. Wazee wetu walijua sana kuwasha. Habari ya kuzima waliiachia mvua. Cheche zilitoka katika bomba la injini zikaangukia nyasi kavu kandokando ya njia, na kabla ya mtu kugeuka moto ulikuwa umekwisha kuingia shamba la watu. Kwa hiyo kama kuna wafanyakazi wasioweza kusema kwamba moto hauwahusu, ni sisi.

Tena kuna mti. Mwaka 1902 mikaratusi, ambayo wengi huiita blugamu, ililetwa Kenya ipandwe ipate kuwa kuni za injini za reli. Injini za kuni zimekwisha, mti umebaki. Uko mashambani, uko mashuleni, uko kando ya njia yetu, na watu wameupenda kwa nguzo na mbao. Lakini kwao ni Australia, na wenyeji wa huko wanaujua vizuri kuliko sisi. Majani yake yana mafuta. Ganda lake hubambuka likaning'inia vipande virefu, na moto ukipanda, vipande hivyo hupeperushwa na upepo huku vikiwaka, vikaenda kuwasha moto mpya kilomita nyingi mbele. Tukaona yafaa tuulize: hao walio na mti huu tangu asili, wakulima wanaokaa mbali na miji, hulindana namna gani?

Jibu ni kwamba wana zimamoto wao wenyewe. Tutaeleza habari za jimbo moja tu, Victoria, lililoko kusini mashariki mwa nchi hiyo, kwa sababu habari zake zimechunguzwa na kuandikwa waziwazi, mazuri na mabaya.

Siku ya Ijumaa tarehe 13 Januari 1939 jimbo hilo liliungua vibaya, watu 71 wakafa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi kama sisi, watu wa viwanda vya kupasua mbao waliowekwa kambini katikati ya msitu pamoja na jamaa zao. Hakimu Leonard Stretton akawekwa kuchunguza. Hakuwaficha watu kitu. Alisema mioto ile iliwashwa na mikono ya watu, si na mbingu, na aliwalaumu waliowaweka wafanyakazi msituni bila mahandaki ya kukimbilia. Penye handaki zuri watu walipona. Pasipokuwa nalo, walikufa. Ndugu zetu, hili ni jambo la chama hasa. Mwajiri anapochagua mahali pa kukulaza, amechagua pia namna utakavyotoka siku ya hatari.

Hata hivyo mambo yalikwenda polepole, kama kawaida ya serikali. Mioto mikubwa ikaja tena mwaka 1944, hakimu yule yule akaitwa tena, na mwaka 1945 ndipo ikaanza kazi Mamlaka ya Zimamoto ya Mashambani. Vikosi vya vijiji vilikuwapo tangu zamani, lakini kila kimoja kilijifanyia chake, na moto haujui mpaka wa kijiji. Sasa viliwekwa chini ya amri moja, vikapewa magari, vikaandikwa. Leo vikosi hivyo ni kama 1,200, na watu wake wa kujitolea ni zaidi ya 50,000. Hawa si askari. Ni wakulima, waalimu, wenye maduka, mafundi wa magari, akina mama na vijana.

Kikosi cha kijiji kina banda lake, na ndani yake gari la kubeba maji, lita 3,000 au zaidi, lenye pampu na mipira. Wakulima wengine wana tangi dogo na pampu ambavyo hupakia nyuma ya pikapu zao wenyewe. Kapteni huchaguliwa na wanakikosi kwa kura, kama sisi tunavyowachagua wajumbe wa wafanyakazi, na akiisha kuchaguliwa hutiiwa. Jambo hili limetupendeza sana. Kuna watu wanaodhani kwamba kiongozi wa kuchaguliwa hawezi kutoa amri, na kwamba amri lazima itoke juu. Basi waende wakatazame kijiji cha Victoria wakati king'ora kinapolia.

Kazi yao nyingi haina sifa wala picha gazetini. Kabla ya kiangazi hufyeka kando ya barabara, huchoma nyasi kidogo kidogo kwa hesabu wakati bado zina unyevu, hukagua mabomba, huwaendea wazee na kuwaambia wasafishe mifereji ya paa zao, maana jani kavu likikaa katika mfereji wa paa, cheche moja yatosha kuondoa nyumba. Jioni hufanya zoezi. Mtu wa gengi anaelewa maneno haya upesi. Kutembea njia kila siku, kukaza skrubu na kuchimbua mifereji, hakuna anayekusifu kwa sababu treni imepita salama. Hukumbukwa siku treni ilipoanguka.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi hii. Tumesikia mara nyingi watu wakisema kwamba mtu wa kujitolea anahitaji moyo tu. Moyo mwema hautoshi, na tutawaonyesha.

Tarehe 2 Desemba 1998 msitu uliwaka karibu na mji mdogo uitwao Linton. Vikosi vingi vikaja, vingine kutoka mbali. Jioni magari mawili ya vikosi vya kujitolea vya Geelong yalikuwa katika njia ya msituni yakienda kujaza maji. Upepo ukageuka.

Inafaa tueleze kugeuka kwa upepo, maana hapo ndipo watu wanapofia. Katika nchi ile siku mbaya ya kiangazi huanza na upepo wa moto kutoka kaskazini, kutoka jangwani. Moto ukishika, upepo huo huusukuma mbele, ukawa mrefu na mwembamba. Fikirini treni ndefu ya mabehewa. Kichwa kiko mbele na ndicho chenye nguvu; ubavuni moto ni mdogo, na wazimaji hufanya kazi zao ubavuni. Kisha, saa za mchana au jioni, huja upepo wa baridi kutoka kusini magharibi. Raia wa mjini hufurahi kwamba joto limevunjika. Kumbe upepo huo unaupiga moto ubavuni, na ule ubavu wote, kilomita baada ya kilomita, unakuwa kichwa. Ni kama treni ya mabehewa arobaini ambayo kila behewa limegeuka kuwa injini kwa mara moja, na zote zinakuja kwako kwa upande.

Hayo ndiyo yaliyowakuta. Watu wa gari moja walijikinga kwa maji yaliyosalia katika tangi lao, wakapona. Watu wa gari la pili walikuwa watano. Wote watano walikufa pale pale garini.

Uchunguzi wa vifo hivyo ulichukua muda mrefu, na taarifa yake ilitoka mwaka 2002. Tangu hapo mambo yamebadilika sana. Hakuna mtu apelekwaye mstari wa moto bila mafunzo yaliyowekwa, hata akiwa na moyo namna gani. Habari ya kugeuka kwa upepo lazima imfikie kila mtu garini, si mkubwa peke yake. Magari yamewekewa mapazia ya kuzuia joto na vinyunyizio vya kujikinga. Na kanuni moja ambayo mtoto anaweza kuikumbuka: usimalize maji ya tangi. Hata nyumba ikiwa inaungua mbele yako na mwenyewe analia, yako maji ambayo si yake. Ni ya kukurudisha wewe kwa watoto wako.

Ndugu, kanuni hiyo ni ngumu. Tulipoisoma mara ya kwanza tuliiona kama ya choyo. Tuliporudia kuisoma tukaona ni sawa na kanuni zetu, ambazo nyingi zimetokana na ajali. Kwa nini mtu wa bendera nyekundu hutangulia mbali kabla gengi halijagusa reli? Kwa sababu wako watu waliogusa kwanza.

Hata kikosi kizuri kina mwisho wa uwezo wake. Jumamosi tarehe 7 Februari 2009 mji mkuu wa jimbo hilo, Melbourne, ulipata joto la digrii 46. Waya wa umeme ukakatika kabla ya saa sita mchana karibu na Kilmore East, nyasi zikashika, na kwa upepo ule hapakuwa na gari wala ndege ya kuuzuia moto. Siku hiyo walikufa watu 173 katika jimbo zima, na nyumba zaidi ya 2,000 ziliteketea. Mji wa Marysville karibu wote uliondoka. Wako wanakikosi waliokuwa wakiokoa majirani huku nyumba zao wenyewe zinaungua. Tume iliyoundwa baadaye ilisema waziwazi kwamba katika siku kama hiyo jambo la salama ni kuondoka mapema, na tangu zamani wakubwa wa zimamoto huwaambia raia wasitegemee kwamba kila nyumba itapata gari. Tunapenda ukweli wa namna hiyo. Mtu aliyeambiwa ukweli hufungasha virago asubuhi, na aliyepewa ahadi tamu hukaa kungojea.

Tuseme sasa habari ya fedha, maana huu ni mkutano wa chama.

Mtu wa kujitolea hali moshi. Akikaa siku kumi katika moto, ni siku kumi mbali na shamba au kazi yake. Huko Australia sheria ya kazi ya mwaka 2009 inampa mfanyakazi haki ya kuondoka kwenda kuzima moto na kikosi chake, na mwajiri hawezi kumwachisha kazi kwa sababu hiyo. Lakini kwa sheria hiyo mshahara wa siku zile mwajiri halazimiki kulipa. Wengine hulipa kwa hiari yao. Katika kiangazi cha mwaka 2019 kuingia 2020, jimbo la jirani liitwalo New South Wales liliungua miezi kwa miezi, hata serikali kuu ikaona aibu, na mwisho wa Desemba 2019 ikatangaza malipo ya mpaka dola 300 kwa siku, yasizidi dola 6,000 kwa mtu mmoja, kwa wanakikosi waliopoteza mapato kwa kukaa kazini zaidi ya siku kumi. Palikuwa na ubishi. Wengine walisema fedha itaharibu roho ya kujitolea. Sisi twaonaje? Twaona ya kuwa mtu aliyelipwa hasara yake hajalipwa kazi yake. Roho ya kujitolea haiharibiki kwa sababu watoto wa mzimaji wamekula.

Kuumia ni jambo jingine. Victoria mwanakikosi wa kujitolea akiumia kazini hupata fidia. Mwaka 2019 bunge lao liliongeza sheria kwamba mzimamoto aliyetumikia miaka iliyowekwa akipata aina fulani za saratani, itahesabiwa kuwa imetokana na moshi wa kazi, wala hatatakiwa kuthibitisha ni moto gani uliomdhuru. Sheria hiyo ni ya wa mshahara na wa kujitolea pia.

Wasidhani wanachama kwamba huko ni peponi. Kuna zimamoto wa mshahara wenye chama chao, na mwaka 2016 ulitokea ugomvi mkali sana juu ya mapatano yao ya kazi. Watu wa kujitolea waliogopa kwamba amri ya mahali pa moto itatoka mikononi mwa makapteni wao. Watu wa mshahara walisema wanataka idadi ya kutosha ya wenzao waliofunzwa kabla ya kuingia penye hatari. Waziri akajiuzulu, wakurugenzi wa mamlaka wakafukuzwa, wanasiasa wakaingia kila mmoja na bendera yake. Mwisho walitenganishwa: tangu Julai 2020 zimamoto wa mshahara wana idara yao, na mamlaka ya zamani imebaki ya watu wa kujitolea. Maoni yetu ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na neno la haki, na waliofaidika na ugomvi ni watu ambao hawajashika mpira wa maji maishani mwao. Chama kikiona mtu wa kujitolea kama mwizi wa kazi kimekosea. Na serikali ikimwona kama njia ya kuokoa mishahara, nayo imekosea. Kijiji chenye watu mia tatu hakiwezi kuweka zimamoto wa mshahara usiku na mchana. Mji mkubwa nao usijifiche nyuma ya watu wa kujitolea.

Turudi kwetu. Wiki moja kabla ya Jumamosi ile ya Victoria tulikuwa na Jumamosi yetu. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, lori la mafuta lilianguka. Watu wakaja na mitungi na ndoo kuchota petroli, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Wengi walisema sana juu ya tamaa. Sisi hatutasema hivyo. Mtu asiye na kitu ameona mafuta yanamwagika bure, naye hajafundishwa kwamba mvuke wa petroli hutambaa chini usiuone, ukakutana na moto mbali na ulipotoka. Kama pangalikuwapo kikosi cha kijiji hapo, watu sita tu waliofunzwa, hata bila tone la maji, kazi yao ya kwanza ingalikuwa kufunga kamba mbali pande zote na kuzuia watu kwa sauti. Zimamoto si maji peke yake.

Kwa Katiba ya mwaka 2010 kazi ya kuzima moto ni ya serikali za kaunti, nazo ni 47. Gari la kaunti likae wapi? Litakaa mjini, na ni haki, maana ndiko kwenye watu wengi. Lakini ninyi mnaokaa katika stesheni ndogo mnajua umbali, mnajua na barabara wakati wa mvua. Moto wa nyasi hautangoji. Kwa hiyo mpaka gari lifike, aliyepo ndiye zimamoto, apende asipende, amefunzwa au hakufunzwa.

Tena sheria haiko kimya. Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinamtaka mwajiri awe na kikosi cha kuzima moto chenye mafunzo, na zoezi lifanywe angalau mara moja katika miezi 12. Sisi tunauliza swali jepesi: katika sehemu yako, zoezi la mwisho lilikuwa lini? Usijibu hapa. Jibu moyoni mwako, kisha umwulize mjumbe wako. Lakini sheria ya fidia ya kazini ya mwaka 2007 ni ya mtu aliyeumia katika kazi yake. Mwenzetu akikimbilia shamba la jirani siku ya Jumapili, akaungua mikono, ataambiwa hakuwa kazini. Hapo ndipo panapotakiwa chama.

Kwa hiyo tunaomba tawi lipokee maombi yetu. Katika mazungumzo yajayo na mwajiri yaingizwe maneno kwamba mfanyakazi aliyefunzwa, akiitwa kuzima moto au kuokoa watu jirani na mahali pake pa kazi, asikatwe mshahara wa siku hiyo, na akiumia ahesabiwe kama aliyeumia kazini. Mwajiri atasema ni gharama. Ajibiwe kwamba nyasi zinazoungua ni za kando ya njia yake, na nguzo za simu na mataruma pia ni yake. Tunaomba vilevile katibu aiandikie kaunti kuuliza kama mwalimu wa zimamoto anaweza kuja siku mbili kutufundisha pamoja na wanakijiji, wanawake wasiachwe, maana mchana wao ndio waliopo nyumbani. Wakubali wakatae, tupate jibu kwa maandishi.

Wengine wameuliza kama tunataka kununua gari. Hapana, hatuna fedha ya gari, wala hatutaki michango ya kitu tusichoweza kukitunza. Tunataka kamba, mafyekeo, reki za chuma, magunia, mapipa ya maji yenye vifuniko, na orodha ya majina iliyobandikwa ukutani ikionyesha nani yuko zamu na nani anampigia nani simu. Kapteni tutamchagua kwa kura.

Kipande cha kwanza cha kufyeka kitakuwa kile kilicho nyuma ya nyumba za wafanyakazi, penye mikaratusi, kwa sababu maganda yamejaa chini mpaka magotini na watoto huchezea hapo na viberiti. Ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Mwenye fyekeo aje nalo, asiye nalo aje na reki, na nyapara amekubali kutoa toroli la kubebea takataka mpaka saa saba.